Samaki wa kwenye picha yuko wapi

Mwanangu, marahaba. Ile voisi yako nimeisikiliza mara mbili, na bibi yako namsikia anacheka huko nyuma. Unauliza inakuwaje baba kwenye picha kashika samaki alafu jioni anasema kala mayai. Ngoja nikusimulie.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Machi, na siku hiyo huku Uingereza wanasogeza saa mbele lisaa lizima, usiku watu wamelala. Simu inajibadilisha yenyewe ila mimi niliangalia saa ya jikoni, nikajiona niko mapema, kumbe yule mzee jirani kanisubiri kwenye gari mpaka kanuna. Tukaenda kiziwa kimoja nje ya Leicester, zamani lilikuwa shimo la kokoto, likajaa maji, wakaweka samaki. Usifikirie ziwa kama letu, hili ukisimama huku unamuona mtu wa ng'ambo anakunywa chai.

Mito yao saa hizi imefungwa, 15 Machi mpaka 15 Juni huvui, samaki wazaliane, kama walivyofunga Ziwa Tanganyika 2024. Viziwa kama hivi vingi vinaruhusiwa. Lakini leseni lazima hata kwa ndoana moja, ukikamatwa huna, faini inaweza kufika pauni 2,500. We wa miaka 12 huhitaji, ukifika 13 tutakukatia na mpaka 16 ni bure.

Sasa chambo. Funza! Funza wa nzi kabisa, wanauzwa dukani kwa kipimo kama karanga, wengine wamepakwa rangi nyekundu, na mzee anawaweka kwenye friji pembeni ya maziwa, mke wake keshazoea. Unatunga wawili kwenye kindoana kidogo kuliko kucha yako ya mwisho. Mimi nikachota kiganja kizima nikataka kumwaga majini, mzee akanidaka mkono. Maji bado ya baridi, anasema, na mwili wa samaki unafuata maji, hana njaa, ukimshibisha hagusi ndoana. Funza watano sita basi, unasubiri.

Tukasubiri. Toka saa mbili mpaka saa sita hamna kitu, boya limesimama tu na kincha chake chekundu. Nina soksi mbili na vidole vya miguu sivisikii. Miti haina jani, isipokuwa vichaka fulani vya miiba vimetoa maua meupe kabla ya majani, mi nikadhani barafu. Babu yako asingemaliza nusu saa pale, angetafuta nyavu.

Mchana jua likatoka, mzee akasema tuhamie upande ambao upepo unasukumia maji ya juu, yamepata kajoto. Hazijaisha dakika ishirini boya likatikisika, likatulia, likazama pole pole kama linavutwa na mtoto. Wanamwita rochi. Mwaloni Kirumba, pale sokoni kwa samaki Mwanza, wangemtupia paka. Ubavu wa fedha, mapezi ya tumboni mekundu na jicho jekundu. Mzee akanifokea nilowanishe mikono kwanza, mikono mikavu inamtoa ule ute wa mwilini ambao asipokuwa nao anaugua. Ndoana zao hazina ule mwiba wa kurudi nyuma, ikatoka kama sindano kwenye kitambaa. Picha moja, alafu nikajikuta natafuta ndoo! Mkono umezoea wenyewe. Mzee ananiangalia tu. Nikamshusha majini, akakaa kidogo kiganjani anapumua, akapiga mkia akanirushia maji usoni, kaenda.

Sikufichi, roho iliniuma. Siku babu yako akirudi mtupu sisi tulikuwa tunalala na uji, sasa samaki uko naye mkononi unamwachia? Mzee hajawahi kula samaki wa huko ziwani maisha yake yote, anasema wananuka matope na miba kibao, yeye anakula wa baharini wa dukani. Nikamwambia nitampikia sato wa nazi, akanitazama kama nimesema nitampikia mjusi. Jumapili ijayo ananipitia tena lakini, na saa ya jikoni nishairekebisha.

Muulize bibi ule mwanzi wa babu wa kuvulia bado uko darini au mmeukokea moto. Kama upo usiuguse mpaka nije.

Baba