King'ora cha moshi si cha jikoni

Mhariri,

Mimi ni fundi umeme, kazi zangu nyingi ziko Tabata na Segerea. Siku hizi wenye nyumba kadhaa wananiletea ving'ora vya moshi vya betri na kuniagiza nivifunge jikoni, kwa kuwa moto huanzia huko.

Jamani, king'ora kazi yake ni kumwamsha aliyelala. Mahali pake ni darini, ndani ya kila chumba cha kulala na kwenye korido inayopita milangoni mwa vyumba hivyo. Nyumba ya ghorofa, kila ghorofa iwe na chake. Kikikaa jikoni, dagaa wakikaangwa tu kinapiga kelele, na wiki haiishi mtu keshatoa betri. Kimoja nilikikuta kimefunguliwa, betri zake ziko kwenye rimoti ya televisheni. Kiwe walau mita 3 kutoka jiko, na mbali na pangaboi, maana upepo wake hufukuza moshi. Kama lazima ukutani, kisizidi sentimita 30 chini ya dari.

Nyumba zetu nyingi za kupanga zina nondo madirishani, na koridoni ndimo zinamolala pikipiki na mitungi ya gesi. Moshi ukijaa humo, watu wamekwama vyumbani na watoto wao. Kwa hiyo mwenye nyumba mwenye uwezo wa kununua kimoja tu aanzie koridoni, na gharama asimtupie mpangaji. Kila mwezi kitufe cha kujaribia kibonyezwe. Baada ya miaka 10 kibadilishwe chote.

Fundi umeme,
Tabata, Dar es Salaam