Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani: kadi ya gari inajua injini, haijui breki

YAH: MAGARI YA ZAMANI YANAYOBADILISHWA SANA NA KUENDELEA KUTEMBEA BARABARANI

Mheshimiwa Waziri, nakusalimu kwa heshima.

Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover. Ungefungua boneti za baadhi ya zile 109 kuukuu, Land Rover ndefu za zamani, ungekuta injini ya Toyota au Nissan ndani. Silalamiki. Injini ya 109 nyingi ilikuwa ya silinda nne, lita 2.25, na vipuri vyake leo ni vya kuagiza nje. 1HZ, injini ya dizeli ya Land Cruiser, silinda sita, lita 4.2, haina fundi asiyeijua. Bila mafundi wetu magari haya yangekuwa mabanda ya kuku.

Shida yangu ni kile tunachokiuliza. Kadi ya gari inataja namba ya chasisi, namba ya injini, ukubwa wa injini, rangi. Ukibadili injini unatoa taarifa TRA (Mamlaka ya Mapato), kadi inarekebishwa. Hilo linazuia wizi, vizuri. Lakini gari lililotoka kiwandani na nguvu za farasi zisizofika 80 sasa lina zaidi ya 120, mbele limeongezeka uzito, na breki ni zilezile za ngoma magurudumu yote manne, na magari mengine hata busta, kile kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu kwenye breki, hayana. Teremka nalo kuelekea Mto wa Mbu limebeba watu saba, ndipo utajua namba ya injini haisimamishi gari.

Kwenye chasisi ndiko kuzito zaidi. Bodi ya Land Rover ni ya alumini. Chasisi ni ya chuma, na ndiyo inayoliwa na kutu. Fundi hukata kipande kilichooza akachomelea kingine. Wengine huikata katikati na kuirefusha ili wapate safu moja zaidi ya viti, kama inavyofanywa kwa Land Cruiser za watalii. Zipo gereji zinazoifanya kazi hiyo kwa vipimo na chuma sahihi. Zipo pia zinazoziba mshono kwa rangi. Namba ya chasisi ikiwa imegongwa mahali ambapo hapakuguswa, kwenye kadi magari hayo mawili yanafanana kabisa.

Waingereza, waliotuletea Land Rover, kwa miaka mingi walitumia hesabu ya pointi kuamua kama gari lililobadilishwa libaki na namba yake ya usajili. Chasisi ya asili pointi 5. Springi 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2. Injini 1 tu. Gari lisilofikisha 8, au lililokatwa chasisi, lilipimwa upya na kupewa namba inayoanza na herufi Q. Injini pointi moja, Mheshimiwa! Agosti 2025 wamelegeza: gari lililobadilishwa umbo au kuwekewa umeme linaweza kubaki na namba yake, mradi mwenyewe atoe taarifa. Wamefanya vyema, maana ule ukali ulimwadhibu hata aliyetengeneza gari lake vizuri.

Na umeme umeshafika kwetu. Hapa Arusha yapo magari ya safari yaliyong'olewa injini ya dizeli yakawekewa mota na betri. Pale panapoulizwa cc za injini tuandike nini?

Ninachoomba ni kanuni chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inayotenganisha mambo. Anayeweka injini yenye nguvu inayokaribiana na ya awali, taarifa itoshe. Anayeongeza nguvu sana, kugusa usukani au kukata chasisi, gari lipimwe breki kwa mashine, na mshono uonekane kabla haujapakwa rangi. Gereji iliyochomelea iweke jina na muhuri wake kwenye cheti. Najua hili la muhuri litawaudhi wengi. Fundi wangu mwenyewe atanuna. Na anune.

Ila mwenye gari ahakikishiwe kwamba akijitokeza hatanyang'anywa kadi wala kuonekana mwizi. Akiogopa atajificha, na wakaguzi watabaki kukagua magari yasiyo na tatizo.

Naomba kuwasilisha.

Mmiliki wa Land Rover 109,
Arusha

Nakala: Kamishna Mkuu, TRA, Kamanda wa Kikosi cha Usalama Barabarani