Nimemuahidi bibi yangu kuwa harusi itafanyika kwake mlimani, ukweni wanauliza mtoto wao anaoa au anaolewa

Habari za saa hizi anti, na wasomaji wenzangu, shikamooni kwa wote mnaostahili. Naombeni mnisome mpaka mwisho maana najua itakuwa ndefu.

Mimi ni dada wa miaka 29, nipo Dar nafanya kazi ya uhasibu, kwetu ni Kilema, Uchagani, kule juu ya Himo. Mchumba wangu ana 33, ni Mngoni, ila wazazi wake wako Mbagala tangu hajazaliwa, Songea wanaenda kwa misiba tu. Mahari imeshatolewa, wazee wamekaa wameelewana, na kanisani tumeanza mafundisho ya ndoa. Kwa hiyo hakuna aliyenikataa wala niliyemkataa, tatizo ni sherehe, na kuna watakaosema sherehe ni siku moja tu dada tulia, lakini mimi wiki ya tatu hii usingizi hauji.

Nianze na bibi. Ni bibi mzaa baba, ndiye aliyenilea tangu nina miaka minne mpaka nikamaliza la saba, mama alikuwa anahangaika na biashara Moshi mjini na baba alishatangulia. Nimekulia kwenye kile kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa la nyumbani, kukata majani ya ng'ombe, kuchota maji mferejini, kahawa ikiiva tunachuma wote. Sasa hivi bibi ana miaka 86, miguu imekataa, mara ya mwisho kushuka hospitali walimbeba mpaka kwenye gari na siku mbili nzima baada ya hapo hakuinuka kitandani. Dar ni kilomita 550 na ushee, hata mkimuwekea gari la kulala hafiki salama, hilo hata daktari hatuhitaji kumuuliza.

Krismasi iliyopita nilimpeleka mchumba akamsalimie. Bibi akamshika mkono hakumuachia, akaongea Kichaga mimi natafsiri, akasema huyu mtoto uje umchukulie hapa hapa nilipomlea, nikuone kwa macho yangu. Mchumba wangu akajibu nitakuja bibi. Mimi nikasema tena kwa mdomo wangu, bibi tutakuja. Mzee wa umri ule ukimwambia neno hilo analishika, na kweli amelishika, ameshapaka chokaa nyumba, kuna beberu amelitenga halali na wenzake, kuna migomba amekataza isiguswe, na majirani wote mpaka kule msikitini chini wanajua kuna harusi. Kila Jumapili ananipigia, mmeshaongea na padri?

Mpango niliokuwa nao ni huu. Ndoa ifungwe misheni ya Kilema, ndio misheni kongwe ya Wakatoliki huko mlimani, ipo tangu 1890, bibi na babu walifungia pale na baba yangu alibatizwa pale. Siku iwe Jumamosi ya baada ya Krismasi. Wengi wameniuliza kwanini nisiweke mwanzoni mwa Desemba kabla nauli hazijapanda, jamani kule ni Majilio, parokia nyingi hazifungishi ndoa kipindi hicho, na sisi tunatafuta misa ya furaha. Halafu kuna faida nyingine, Desemba Wachaga wote wanapanda nyumbani wenyewe, ndugu zangu wa Mwanza, Arusha, Dodoma wote watakuwepo bila mtu kulipiwa nauli, ukiisubiri Januari katikati unabaki na wazee na watoto wa shule. Na hali ya hewa, mvua za vuli zinakuwa zimepungua, asubuhi mlima unauona mweupe kabisa ukifika saa nne saa tano mawingu yameshaufunika, kwa hiyo misa ya asubuhi na mpiga picha aje mapema.

Kutoka kanisani tunashuka kihambani kwa bibi, sherehe ni mchana mpaka saa kumi na mbili jioni, giza lisitukute maana barabara ile ni nyembamba na ikinyesha ni utelezi. Watu 150. Mabenchi ya kigangoni, turubai mbili kwa ajili ya mvua na wazee, mapambo ni masale, ile mimea yetu ya majani marefu, na majani ya migomba na maua ya kule kule, sitaki kitambaa cha kukodi wala maua ya plastiki. Chakula machalari (ndizi na nyama), kiburu (ndizi na maharage), pilau kwa wageni, na ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, ndio hilo beberu la bibi. Na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya kupikwa pale pale, nimeshaongea na mama mmoja jirani akaniambia nimpe tarehe mapema sana, kwasababu ndizi lazima zivunwe ziivishwe, zichemshwe ziachwe siku kadhaa zichachuke, huku ulezi unaoteshwa unasagwa, gome la msesewe la kutia uchungu litafutwe, mbege sio kitu cha kusema kesho nataka ndoo kumi. Gharama zote nimepiga hesabu na jenereta na vyoo vya kuchimba viwili inakuja milioni 9 na nusu. Kwa kweli nikifunga macho naiona siku yenyewe.

Sasa ukweni. Mchumba wangu alipoenda kuwaambia, mama mkwe hakugomba, alinyamaza tu, kesho yake akampigia mtoto wake akamuuliza, mwanangu unaoa au unaolewa? Na mimi namuelewa, siwezi kusema namuona mbaya. Huku kwetu wote tunajua upande wa mwanamke unafanya sendofu, harusi ni ya upande wa mwanaume, wao ndio wanapokea bibi harusi, wao ndio wenye kamati, wao ndio wanaalika. Mchumba wangu ni mtoto wa kiume pekee kati ya watoto watano. Mama wa watu amechangia harusi za watoto wa wenzake pale mtaani na kwenye jumuiya miaka yote, ameshona sare, amekata vitunguu usiku kucha, amesubiri zamu yake ifike. Leo zamu imefika anaambiwa panda basi saa kumi uende ukawe mgeni kwenye harusi ya mwanao. Halafu ana presha na magoti yanamsumbua, kwa hiyo nikisema bibi yangu hawezi kusafiri yeye naye anaweza kunijibu na mimi je?

Kingine ni kamati. Imeshaundwa, mwenyekiti ni baba mdogo wa mchumba wangu, bajeti waliyoipitisha ni milioni 28, ukumbi wameshauangalia na wanatakiwa walipe nusu ndio tarehe ishikwe. Kadi singo laki moja, dabo laki na nusu. Nilipoleta wazo la Kilema kwenye kundi la WhatsApp kaka mmoja akaandika waziwazi, shemeji nani atachangia harusi ambayo haendi kula? Iliniuma lakini nikikaa nikafikiria ana hoja, watu wa Dar wanachanga wakijua watavaa, watakaa meza, watarudi nyumbani usiku. Kupanda mlimani Desemba tiketi za basi zinagombaniwa, treni ipo ile iliyorudishwa 2019 lakini unalala njiani, na ukifika unalala wapi, nyumba zote zimejaa ndugu. Hata mimi nimechangia watu wengi sana, nina daftari langu, na najua wengi hapo nisipowapa ukumbi hawatanirudishia.

Na kwetu sio kwamba wote wapo na mimi. Baba mkubwa anasema mziki utapigwa hatua chache kutoka kaburi la babu na la baba, hajafurahia, bibi mwenyewe anasema hao ndio wa kwanza kualikwa. Hilo nadhani litaisha nyumbani. Shangazi yangu ndio alinipa wazo nikavunjika moyo zaidi, alisema nichukue sale nimpelekee mama mkwe kumuomba radhi. Kwetu ukiletewa jani la sale hata kama ulikuwa na hasira gani unasamehe, ndio mila. Lakini mama mkwe ni Mngoni wa Mbagala, nikimpelekea jani ataona nini? Ataona jani. Na sitaki kumbebesha mila yangu ndani ya jambo ambalo tayari anaona mila yangu imemeza ya kwake.

Mchumba wangu ananipenda, hilo sina wasiwasi nalo, ila katikati hapa amekuwa mtu wa kunyamaza. Nikimuuliza anasema tutalitatua mama, tusubiri. Tunasubiri nini? Padri wa huku kashatuambia tukifungia Kilema tunahitaji barua ya ruhusa ya paroko wetu, vyeti vipya vya ubatizo, na matangazo yasomwe Jumapili tatu, hivyo vitu haviandaliwi wiki moja. Juzi ndio nilimkuta amekaa kibarazani peke yake usiku, akaniambia nikimkatalia bibi nitakuwa mwongo, nikimkatalia mama nitakuwa sina shukrani. Tukakaa hivyo hivyo hakuna aliyeongeza neno.

Nimejaribu kutafuta njia ya katikati. Ya kwanza, ndoa na sherehe ndogo Kilema, halafu wiki ya pili ya Januari ukweni wafanye mapokezi Dar kwenye ukumbi wao na kamati yao, waalike watakao. Hapo naona mama mkwe anapata zamu yake, lakini gharama zinakuwa mara mbili na kuna dada kanitisha kwamba watu hawachangii harusi ambayo ndoa imeshafungwa, mnaosema mmepitia hili ni kweli? Ya pili, sendofu ndio iwe kwa bibi, kubwa, na ndoa ifungwe Dar. Mama yangu anaipenda hii. Lakini bibi alisema umchukulie hapa, na anachotaka kuona ni pete na padri, sio ndafu, mimi namjua. Ya tatu, padri aje atubariki kwa bibi baada ya ndoa ya Dar, hii sijamwambia mtu bado, naogopa nikiisema tu kila mtu ataikimbilia kwasababu ni rahisi kwa wote isipokuwa mmoja.

Ninachoomba ushauri hasa ni hiki. Niende mwenyewe kwa mama mkwe, sisi wawili tu, nimueleze habari ya bibi kama nilivyowaeleza nyie, au huko ni kumkosea heshima na hilo jambo linapitia kwa mshenga? Mshenga wetu ni mzee mzuri anaheshimika ila ni rafiki wa mwenyekiti wa kamati, naogopa yatafika yakiwa yamegeuka. Na kama nikienda, niende na mchumba wangu au nimuache? Mama zangu mliooza watoto wa kiume naomba nyie hasa mnijibu, mngependa mkwe wenu awaambieje? Kuna kitu gani mngepewa katika siku hiyo mkaona na nyie ni wenyeji na sio wageni? Maana mimi nipo tayari kabisa yeye ndio anipokee pale getini kwa bibi, wapishi wa kwao waje, sare wachague wao, hata mbele ya bibi akae yeye.

Kikao cha kamati ni Jumapili ya wiki ijayo na ndio siku ya kulipia ukumbi. Bibi kapiga leo mchana, anauliza ile migomba ya upande wa mferejini aiache yote au wauze mikungu miwili. Nimemwambia nitampigia.