Barua kwa mwanangu: ukikutana na mpiga kanuni nyuma ya jukwaa

Mwanangu mpenzi,

Nimefurahi mno kusikia umepata pasi ya kuingia nyuma ya jukwaa la tamasha la muziki la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, Unguja, tena usiku ambao atapiga fundi wa kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarabu, unayemsikiliza kila siku. Nakuandikia mapema ili nafasi hiyo isikuponyoke kwa pupa.

Kazi yake haiishi wimbo wa mwisho unapoisha. Kikundi kimoja kikishuka, kingine kinangoja kupanda. Hapo watu wanapishana na fidla, akodiani na dubla besi, mafundi sauti wanachomoa maikrofoni na kukunja kebo. Usisimame kwenye ngazi wala kwenye njia ya kebo, na usiweke soda juu ya sanduku lolote hata likionekana ni tupu. Kaa pembeni, mahali atakapokuona akiinua macho, ungoje mpaka kanuni iingie kwenye sanduku lake na sanduku lifungwe. Kabla ya hapo, akili yake yote iko kwenye chombo.

Sababu unaijua, kwa kuwa nawe unakikalia chombo hichohicho. Kanuni kubwa ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, yaani sauti 26 za kulinda usiku kucha. Upande wa kulia daraja linalobeba nyuzi limekaa juu ya ngozi, si juu ya mbao. Ngome iko hatua chache tu kutoka baharini, na hewa ya usiku pale Forodhani ina unyevu mwingi. Ngozi ikinywa unyevu hulegea, daraja likazama kidogo, nyuzi zikashuka, na hazishuki zote kwa kiasi kimoja. Ndiyo maana utamwona anashika ufunguo wa kukazia nyuzi kati ya wimbo na wimbo huku watu bado wanapiga makofi. Akishuka jukwaani, masikio yake yamechoka kuliko mikono, na ukimmiminia sifa wakati huo hatazisikia.

Salamu yako iwe fupi: “Shikamoo, Maalim.” Akiitikia, taja jina lako na mwalimu anayekufundisha, basi. Usitangulize mkono. Pengine bado amevaa zile pete mbili za vidole vya shahada zinazoshika risha, vile vipande vya kukwanyulia nyuzi, au amezivua sasa hivi na vidole vinamuuma. Akiutoa yeye mkono, upokee bila kuubana. Pesa usimpe huko nyuma. Kutunza, yaani kumtuza mpigaji pesa, kuna mahali pake, mbele ya watu, wimbo ukiwa unaendelea. Noti ileile ukiitoa nyuma ya jukwaa inaonekana kama unanunua mazungumzo. Ukitaka kumpa kitu, mpe chupa ya maji ambayo haijafunguliwa.

Swali ndilo la kuandaa kwa makini kuliko yote. Wengi huuliza, “Umewezaje kufika hapa?” Mtu aliyechoka hana la kujibu ila “mazoezi,” na yamekwisha. Uliza jambo ambalo vidole vyake vinaweza kulijibu. Mimi ningeuliza hivi: “Maalim, ukipiga Rasti pamoja na akodiani, sauti ya tatu unaiweka wapi?” Sauti hiyo katika makamu ya Rasti, yaani mpangilio wa sauti unaoitwa hivyo, hukaa katikati ya mi (ile ya do, re, mi) na mi iliyoshushwa nusu, na akodiani ya kawaida haina kitufe chake. Kanuni inayo njia: vile vipande vidogo vya chuma upande wa kushoto, karibu na vigingi, ambavyo ukivisimamisha au kuvilaza sauti hupanda au hushuka kidogo. Mpigaji anaweza kuipandisha ile ya tatu ilingane na akodiani, au kuiruka wakati wote wanapiga pamoja, kisha kuirudisha mahali pake akibaki peke yake kwenye taksimu, pale anapopiga kwa kubuni papo hapo. Kila fundi ana uamuzi wake, na uamuzi huo hutaupata kwenye daftari la shule. Akianza kueleza, angalia mkono wake wa kushoto. Mara nyingi mkono huo utaonyesha hewani kile ambacho mdomo hausemi.

Muda ukiruhusu swali la pili, muulize nani alimfundisha. Taarabu ya Unguja imepita mkono kwa mkono tangu enzi za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ambaye inasimuliwa alimtuma Mohamed Ibrahim aende Misri akajifunze kanuni. Kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa kilianza 1905, na kipo hadi leo. Kila jina atakalokutajia ni mtu wa kutafuta rekodi zake, au mlango wa kwenda kubisha.

Kikundi kinachofuata kitakuwa kimeshaanza, kwa hiyo kelele zitakuwa nyingi. Usimpigie kelele sikioni. Simama ubavuni mwake na useme polepole. Ukitaka kurekodi jibu lake, omba ruhusa kabla ya kutoa simu. Picha iwe moja, bila mwanga wa kamera, na usiombe aitoe kanuni tena sandukuni kwa ajili ya picha. Usiombe kuigusa, wala usimwambie uzi fulani ulikuwa umeshuka. Alisikia kabla yako. Ukiona wenzake wanabeba mizigo kuelekea lango, aga hata kama jibu limekatika.

Ukitoka tu, kaa chini uandike: makamu aliyoitaja, majina, mkono ulivyokwenda. Usingoje ufike nyumbani.

Na akikwambia uje mazoezini kesho, uliza saa na uliza mlango upi. Nenda na ufunguo wako wa kukazia nyuzi, kwani huenda ukapewa kanuni uilinganishe kabla ya kuambiwa upige.

Mama yako