Hodi imepotelea wapi Mkomani?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Juma lililopita nilikuwa kiwandani mwangu, yaani uani, hapa mtaani Mkomani mjini Lamu, nikipaa samaki, kichwa wazi, nikainua uso nikakuta watu wanne wamenisimamia, mmoja na kamera. Kijana aliyewaleta hata haya hakuona. "Hii ni nyumba ya kale, mama," akaniambia. Basi nami ni kitu cha kale cha kutazamwa? Makumbusho yako pale ufuoni, na tiketi inauzwa mlangoni.

Sina ugomvi na wageni. UNESCO iliutia mji huu katika urithi wa dunia mwaka 2001, wanakuja kuutazama, na wengi wetu tunapata riziki kwao. Mgeni hajui. Anayejua ni huyo anayemtembeza, mzaliwa wa hapa hapa, aliyefunzwa tangu chuo cha Kurani kwamba hodi ni mara tatu, usipojibiwa urudi ulikotoka. Wazee waliojenga nyumba hizi walishalipanga jambo hili: daka, ule ukumbi wa mlangoni, likawekwa baraza za mawe ili anayekuja aketi nje angoje, na njia ya kuingilia ikapindishwa ili mpita njia asimwone aliye ndani. Mlango wetu kuwa wazi mchana ni kwa ajili ya upepo na jirani.

Wenye biashara nao wamechoka. Jirani yangu ana nyumba ya kulaza wageni. Watu wasiolipa hata chai hupanda darini kwake kupiga picha za machweo, na madari yetu yalivyoshikana, anayepanda kwake anaweza kushukia kwangu. Ametia kufuli, na sasa wageni wake wenyewe hugonga usiku hadi mtaa mzima uamke.

Sheria tunayo, Sura ya 294 ya sheria za Kenya. Ukishtakiwa kwa kuingia pa mtu, ni juu yako kuthibitisha kwamba uliruhusiwa au ulikuwa na sababu ya maana. Lakini nani ataka kumpeleka mtoto wa jirani kituoni? Ningependa wanaotoa vibali vya kutembeza watalii waanze wao: anayeingiza watu nyumbani mwa mtu bila idhini anyang'anywe kibali kwa msimu mzima. Na mwenye nyumba anayetaka kutazamwa atundike kibao dakani, aandike na bei.

Kijana yule, kama wasoma, samaki alikuwa changu wa kupaka. Ungebisha hodi ungekula.

Mama wa Mkomani,
Lamu