Barua kwa somo yangu wa Makambako: nani akuandikie hesabu za duka

Morogoro,
14 Septemba 2024

Somo yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na watoto. Barua yako niliipata Jumatano, na kama nimechelewa kujibu ni kwa sababu jambo unaloniuliza ndilo lililonifanya mimi niuze kiwanja, kwa hiyo sikutaka kulijibu kwa ujumbe mfupi wa simu.

Umesema una watu watatu walio tayari kukuandikia hesabu za duka lako la pembejeo: kijana wa kaka yako aliyemaliza diploma ya uhasibu mwaka huu, ofisi moja ya hapo mjini inayoshika hesabu za maduka mengi, na yule mama aliyekuwa karani wa hesabu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kwa miaka mingi. Umeniorodheshea bei na vyeti vya kila mmoja, ukaniuliza yupi ana unafuu. Lakini kilichonishika katika barua yako ni jambo uliloligusia tu na kuliacha, kwamba yule mama, kabla hamjazungumza malipo, alikuuliza madeni ya wakulima unayaandika wapi, kisha akaomba alione daftari. Wale wengine wawili hawakukuuliza chochote kuhusu duka lako.

Ngoja nikueleze yaliyonipata, maana hukuwahi kuyasikia yote. Nilipoandikishwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, mwaka 2017 nilitafuta mtu wa kunisaidia, nikampata bwana mmoja mwenye maneno mazuri na wateja wengi. Aliniambia, "Usihangaike mama, wewe niletee risiti mwisho wa mwezi, mengine niachie mimi." Nami nikamwachia. Kila ilipokaribia tarehe 20, ambayo ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mauzo na kodi, ya VAT ya mwezi uliopita, alinipigia simu kunitajia kiasi, nami nikamtumia fedha kwenye namba yake ya simu, naye akanirudishia picha ya karatasi ambayo sikuwahi kuisoma hadi chini. Akaunti yangu ya TRA, mamlaka ya mapato, ilifunguliwa kwa namba yake ya simu na nywila alikuwa nayo yeye, hivyo taarifa zote za mamlaka zilikwenda kwake. Mwaka 2019 nilipoomba mkopo benki wakanitaka hati ya kuthibitisha kwamba sidaiwi kodi, na hapo ndipo nilipoambiwa kuwa kwa miezi 14 ritani zilipelekwa kwa kuchelewa, zikiwa na mauzo madogo kuliko niliyompa, na kwamba nadaiwa kodi, riba na adhabu. Kiwanja cha Kihonda kikaenda hapo. Kilichoniuma kuliko fedha ni kwamba nilipoulizwa mauzo yangu ya mwezi wowote, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesimama dukani kila siku, na bado mtu mwingine ndiye aliyejua biashara yangu.

Kwa hiyo naomba usianze na bei. Anza kwa kujiuliza hesabu zako wewe ni za namna gani, kwa sababu duka la pembejeo halifanani na duka langu la mabati. Wewe unauza mbegu na mbolea kwa mkopo kuanzia Novemba, na mkulima anakulipa akishavuna, pengine Julai, pengine Agosti, pengine nusu kwa fedha na nusu kwa magunia ya mahindi. Katika hali hiyo droo inaweza kuwa tupu na biashara ikawa nzima, au droo ikajaa na biashara ikawa imekwisha kufa bila wewe kujua. Daftari la wadaiwa ndilo moyo wa hesabu zako. Mtu asiyejua kuandika deni la mkulima kwa jina, kijiji, tarehe, kiasi na makubaliano ya kulipa, kisha kulipunguza kila anapoleta kidogo, hatakufaa hata akiwa na vyeti vya kujaza ukuta. Ongeza na mbolea ya ruzuku, ambayo mauzo yake yanapita kwenye mfumo wa kidijitali wa serikali: idadi ya mifuko iliyosomeka kwenye mfumo lazima ilingane na iliyotoka stoo, na sehemu inayolipwa na serikali haiingii siku ileile mkulima anapobeba mfuko wake. Mwulize kila mmoja wa watu wako fedha hiyo ambayo haijaingia ataiandika wapi. Atakayekujibu kwamba ataiandika ikishaingia, huyo bado hajafika.

Halafu kuna hicho chumba cha pili unachotaka kukifungua cha vifaa vya ujenzi. Mbolea haitozwi VAT, lakini misumari, saruji na mabati kwa kawaida vinatozwa asilimia 18, na tangu Julai 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara kujiandikisha ni shilingi milioni 200 kwa mwaka. Anayekuandikia hesabu anapaswa kutenganisha mauzo haya mawili tangu siku ya kwanza, ili ajue ni lini unakikaribia kiwango na akuambie mapema, kwa sababu VAT uliyolipa kwenye manunuzi huwezi kuidai kama huna risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, yenye TIN yako, yaani namba yako ya mlipakodi. Jambo hili ni dogo kusikia na kubwa kulipia. Umeandika pia kwamba ile ofisi ilikuambia utalipia wafanyakazi wako wanne tozo ya SDL, ile ya kuendeleza ufundi stadi. Hilo si kweli kwa sasa. SDL ni kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, ndiyo inayokuhusu kwa wale ambao mishahara yao imefikia kiwango cha kukatwa, na hiyo hulipwa ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. NSSF, mchango wa hifadhi ya jamii, inakuhusu kwa wote. Kama wamekosea jambo la wazi hivyo wakiwa bado wanatafuta kazi, sioni sababu ya kuwapa miaka yako.

Kuhusu kijana wa kaka yako, nampenda na namtakia heri, na diploma yake ni ya kweli. Ila fikiria siku mezani pamepungua laki tatu na kitu. Utamwuliza, na kabla ya jioni wifi yako atakuwa amekupigia simu, na jambo la hesabu litageuka jambo la ukoo. Mpe kazi ya stoo, ajifunze bidhaa, na baada ya mwaka au miwili mlirudie suala hilo.

Yule mama pia usimchukue kwa sababu mimi nimemsifu. Mjaribu. Mpe boksi la karatasi za mwezi wa Agosti mzima: risiti za EFD za manunuzi, ripoti za Z, zile za jumla ya mauzo ya siku zinazotolewa na mashine yako, taarifa ya benki, taarifa ya lipa namba, na daftari la wadaiwa, umlipe kazi ya mwezi huo mmoja, na umpe wiki moja. Mimi nilipomtafuta huyu niliye naye sasa nilichanganya humo risiti moja iliyoandikwa TIN ya duka jingine, na sikuandika popote fedha ambazo nilizichukua mwenyewe kwenye droo kulipa ada ya shule. Alirudi na maswali kumi na moja kwenye karatasi. Risiti ile aliiona, na swali la saba lilikuwa, "Tarehe 12 mauzo ni haya na benki imeingia hii, tofauti iko wapi?" Niliona aibu kumwambia ni ada, lakini siku hiyohiyo nilimpa kazi. Anayerudi na hesabu zilizokaa sawa bila swali hata moja, mwogope, kwa sababu hakuna mwezi wa duka usio na swali.

Ukishampata, kuna mambo ambayo usimwachie hata akiwa malaika. Akaunti ya TRA iwe kwa namba ya simu yako na nywila uwe nayo. Yeye aandae ritani na kukutolea kontroli namba ya kulipia, ila kulipa ulipe wewe mwenyewe, kwa benki au kwa simu, usimkabidhi mtu fedha ya kodi mkononi. Anayepokea fedha kwa wateja asiwe yeye anayeandika vitabu. Madaftari na boksi la risiti vilale dukani, na kwa kuwa karatasi za EFD hufifia zikikaa kwenye joto, mwagize atoe fotokopi za risiti kubwa mapema, kwani kumbukumbu za kodi unatakiwa uzitunze kwa miaka mitano. Kisha kila tarehe 10 mkae pamoja saa moja, akusomee mauzo, manunuzi, wadaiwa na mabaki ya stoo kwa Kiswahili cha kawaida, na usiondoke kwenye kiti mpaka uwe umeelewa. Saa hiyo moja mimi siifuti hata kukiwa na msiba wa jirani. Naihamisha kesho yake.

Vyeti vina mahali pake, usinielewe vibaya. Hesabu za mwisho wa mwaka mpelekee mhasibu mwenye CPA, cheti cha juu cha uhasibu, aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu, na hata mshauri wa kodi mwulize usajili wake wa TRA. Lakini huyo utamwona mara chache kwa mwaka, na kazi yake itakuwa nyepesi na ya bei nafuu kama vitabu vya kila siku vimeandikwa vizuri. Mimi namlipa mwandishi wangu wa vitabu laki mbili na nusu kwa mwezi, na yule mama ametaja laki tatu. Mpe, ukiridhika na kazi ya Agosti.

Nitapita Makambako mwanzoni mwa Oktoba nikielekea Songea kwenye harusi, na nimepanga kulala kwako siku mbili. Kama boksi la Agosti litakuwa limesharudi, usilifungue kabla sijafika. Tulipitie pamoja, mimi na wewe na yeye, nami nitakuja na daftari langu la wadaiwa umwonyeshe jinsi nilivyolichora.

Ni mimi somo yako,
wa Morogoro