Msiuze daimu za wazee kwa shilingi 13

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lenu. Marehemu baba alisomea Marekani, alienda 1960 na zile ndege za wanafunzi za akina Tom Mboya, na aliporudi alikuja na kopo la kahawa lenye visarafu vya senti kumi vya huko, wenyewe wanaviita daimu, vinatoshana tu na ukucha wa kidole gumba. Tukiwa watoto tulivichezea duka.

Juzi dadangu akakwama na karo, akabeba 20 mpaka kwa sonara mmoja pale River Road, huyo jamaa akaziangalia akasema hizi ni senti kumi tu, dola iko 129, nakupa 13 kila moja. Akarudi na shilingi 260 akishukuru Mungu. Niliumia sana, manake hiyo ni bei ya maandishi yaliyo juu ya sarafu, madini yenyewe hayakulipiwa hata kidogo!

Daimu yoyote iliyoandikwa 1964 au nyuma ya hapo ni fedha asilimia 90, hii tunaita silva, iliyobaki ni shaba. Ina uzito wa gramu 2.5, kwa hivyo silva tupu ni gramu 2.25, zidisha na bei ya gramu siku hiyo utaona inapita hizo 13 zaidi ya mara kumi. Kuanzia 1965 waliacha kutia silva kwa daimu sababu bei ya madini ilipanda na watu wakawa wanaficha sarafu nyumbani, sasa ndani ni shaba na juu ni shaba na nikeli. Ukiisimamisha utaona mstari mwekundu ubavuni. Ile ya zamani ubavu wote ni mweupe.

Halafu kuna wale wanaokusanya sarafu za zamani. Zenye kichwa cha Roosevelt, aliyekuwa rais wao, za 1946 mpaka 1964, nyingi ni bei ya silva tu. Lakini angalieni zile za 1916 hadi 1945, zenye sura ya mwanamke anayewakilisha uhuru (Liberty), amevaa kofia ya mabawa, watu wanaziita Mercury. Ya 1916 ikiwa na herufi D ndogo nyuma, karibu na neno ONE, ilitengenezwa kiwanda cha sarafu cha Denver huko Marekani na zilitoka 264,000 pekee, hiyo wanaitafuta kwa pesa nyingi sana.

Na tafadhali msizisugue. Ndugu yangu alichukua moja ya 1944 iliyokuwa imeingia weusi akaipiga stilwulu, sasa inang'aa lakini bawa lote limejaa mikwaruzo, mkusanyaji hawezi kuigusa.

Ombi langu kwenu, kwa ule ukurasa wa biashara mnapoweka bei ya dola na pauni kila siku, ongezeni laini moja tu ya bei ya gramu ya silva, kina mama wanaoenda kwa masonara wawe na kitu cha kuonyesha.

Msomaji wenu,
Kariobangi South, Nairobi